Kabla hujashusha giaboksi, pima fimbo ya masta ya chini

Mkulima mmoja wa mpunga alitoka Ifakara na Hilux yake ikivutwa kwa mnyororo mpaka gerejini kwangu, hapa Morogoro, jirani na Msamvu. Siku nne tu kabla ya hapo gari hilo lilikuwa limeshushwa giaboksi kwa fundi mwingine na kufungwa klachi pleti mpya, presha pleti mpya na rilizi beringi mpya. Pesa iliyotumika ilikuwa ya mbolea. Giaboksi ikapandishwa, gari likawashwa, na gia zikakataa vilevile kama zilivyokataa mwanzo. "Dada fundi," akaniambia, mnyororo bado uko mkononi, "nimeshabadilisha kila kitu."

Nikamwomba apande, aache gari likiwa limezimwa, akanyage klachi mpaka mwisho na kuishikilia. Mimi nikaingia chini na rula ya chuma. Fimbo ya masta ya chini, ile silinda ndogo ya kule chini inayosukuma klachi, ilitoka milimita 6. Akaachia, akakanyaga tena: 6. Kwenye Hilux kama ile nategemea 12 kwenda juu. Ile klachi mpya ilikuwa imekaa mle ndani ikisubiri kusukumwa, na kitu cha kuisukuma hakikuwa na nguvu. Kilichokufa ni kipande cha mpira ndani ya masta ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, nacho ni kidogo kiasi kwamba kinakaa kwenye ncha ya kidole changu cha shahada. Tukakibadilisha, tukatoa upepo ulionaswa kwenye mafuta, na kabla ya adhuhuri gia zilikuwa zinaingia kwa vidole viwili.

Nina miaka 19 kwenye kazi hii na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu nimeliona mara nyingi mno. Gia zikikataa, mawazo ya wengi yanakwenda kwenye klachi pleti. Giaboksi inashushwa kwanza, vipimo baadaye, au havichukuliwi kabisa. Naandika haya ili wewe mwenye gari, au wewe kijana unayejifunza ufundi, uweze kupima kwa mkono wako. Unahitaji rula, tochi, glasi ya maji, spana chache na mtu wa kukukanyagia pedeli.

Mafuta yanavyosukuma

Kwanza hakikisha klachi ya gari lako inasukumwa kwa mafuta ya breki. Yapo magari madogo yanayovuta klachi kwa waya, na hayo hayahusiki hapa. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukiona silinda ndogo imefungwa pale, juu yake kikombe cha plastiki, na bomba jembamba la chuma linatoka kuelekea chini, hiyo ndiyo masta ya juu ya klachi. Usiichanganye na ile kubwa ya breki iliyo jirani yake.

Ukikanyaga pedeli, fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta ya juu. Pistoni inasukuma mafuta ya breki kwenye bomba, yanapita kwenye kipande cha hosi ya mpira, yanaingia masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi. Masta ya chini inatoa fimbo yake, fimbo inasukuma foku, yaani mkono wa chuma, foku inasukuma rilizi beringi, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti, na klachi pleti inabaki huru. Hapo injini inazunguka peke yake na gia inaingia bila kelele.

Hesabu ya mambo haya ni fupi, na ukiishika utaelewa kwa nini milimita chache zinasumbua hivi. Masta za juu za Hilux nilizoshika nyingi zimeandikwa 5/8 ubavuni, yaani upana wa tundu kwa inchi, na za chini 13/16. Ya chini ni pana zaidi, kwa hiyo inapata nguvu zaidi lakini inatembea kidogo. Pistoni ya juu ikitembea milimita 25, ya chini inatembea takriban 15. Sasa chukua upepo ulioingia humo wa sentimita moja ya ujazo, ambao ni kama moja ya tano ya kijiko cha chai. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Upepo huo mdogo unakuibia karibu milimita 3 kule chini. Toa 3 kwenye 15, ongeza tundu la pini ya pedeli lililolika, ongeza mpira unaopitisha kidogo, na umeshafika kwenye 8 ambako gia zinaanza kulia.

Sikiliza gari kabla ya kulala chini yake

Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe. Gari likiwa limezimwa, pitisha gia zote moja moja. Kisha weka nyutro, washa, kanyaga klachi, jaribu tena. Zikiingia vizuri gari likiwa limezimwa na zikakataa likiwa linaunguruma, klachi haiachii. Zikikataa hata gari likiwa limezimwa, tatizo lipo kwenye giaboksi yenyewe au kwenye fimbo za gia, na sehemu kubwa ya niliyoandika hapa haitakusaidia.

Shahidi mkubwa ni riveresi. Kwenye giaboksi nyingi gia za mbele zina sinkronaiza za kuzilainisha, riveresi haina. Kwa hiyo gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole hadi 5, halafu ingiza riveresi. Hizo sekunde zinatosha shafti ya giaboksi kusimama ikiwa klachi imeachia kweli. Ikiingia kimya, klachi iko sawa. Ikikwaruza, bado kuna kitu kinaizungusha. Na kama ni gia moja tu inayolia, mathalani ya pili, huku riveresi ikiingia kimya, usiguse klachi. Hiyo ni sinkronaiza ya gia hiyo.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili ya mguu. Kanyaga haraka, jaribu gia. Kisha kanyaga taratibu sana, jaribu gia. Ikiwa inaingia ukikanyaga haraka na kukataa ukikanyaga taratibu, mpira wa masta ya juu unapitisha mafuta. Ukisukuma kwa kasi mpira unafunguka na kubana ukuta. Ukisukuma taratibu mafuta yanateleza pembeni na kurudi. Hili ni jaribio la sekunde 20 na limenionyesha masta mbovu nyingi kuliko kifaa chochote nilichonacho.

Jaribio la pili, piga pampu pedeli mara tano au sita mfululizo. Ikianza laini, ikapanda na kuwa ngumu, na gia zikakubali, una upepo ndani au masta iliyochoka. Isipobadilika kitu, endelea kusoma, huenda tatizo ni la chuma. Na zingatia jinsi pedeli inavyorudi: upepo unaifanya irudi kama godoro, mguu unausikia mchezo wa chemchemi chini yake. Pedeli inayolala sakafuni bila kurudi, mara nyingi ni mafuta yameisha au mpira umepinduka.

Kikombe kinasema nini

Hapa kuna jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Nililiona kwa kuchungulia vikombe vingi. Kwenye breki, pedi zikilika mafuta yanashuka, kwa sababu pistoni zinatoka nje kufuata pedi. Kwenye klachi ya kawaida inayojirekebisha yenyewe, mambo ni kinyume. Klachi pleti ikilika, vidole vya presha pleti vinasogea nyuma, vinairudisha pistoni ya masta ya chini ndani, na mafuta yanapanda kidogo kikombeni. Maana yake ni kwamba kikombe cha klachi kikishuka, hakuna kisingizio cha kulika. Mafuta yametoka nje. Usijaze tu na kuondoka, tafuta yalikotokea.

Tahadhari moja: magari mengi ya Ulaya, na baadhi ya Kijapani, klachi inakunywa kwenye kikombe kimoja na breki. Hapo kushuka kunaweza kuwa ni pedi. Bomba la klachi kwenye vikombe hivyo hutoka juu zaidi, ili mafuta yakipungua klachi ife kwanza na breki zibaki. Klachi ya gari la namna hiyo ikikata ghafla, angalia breki zako saa hiyohiyo.

Tazama pia rangi. Mafuta mapya ni kama chai ya rangi iliyokosa majani, karibu maji. Yakiwa meusi yenye vumbi la masizi, mpira unalika humo ndani na kuyachafua. Yakiwa ya kahawia kama maji ya Ruvu wakati wa masika, yana maji na kutu. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na kwa magari yanayolala Dar es Salaam au Tanga, ambako hewa ina unyevu na chumvi, mimi sisubiri zaidi ya miaka miwili kuyabadilisha. Aina ya mafuta ya breki iitwayo DOT 3 ikiwa mpya na kavu inachemka nyuzi 205, ikishanywa maji kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kama bomba la klachi linapita karibu na ekzosi, utapata klachi inayolegea kwenye foleni mchana na kupona asubuhi. Dereva anadhani ana wazimu. Hana, mafuta yake yanachemka na kutoa mvuke.

Kutafuta mvujo

Anzia ndani ya gari. Inua zulia chini ya pedeli, pitisha kidole kwenye fimbo inayoingia ukutani. Ikiwa na utelezi, au rangi ya ukuta imevimba na kubambuka, masta ya juu inavujia nyuma. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo rangi iliyobambuka pale ni ushahidi hata kama leo pamekauka.

Kisha nenda chini. Ukipandisha gari, liwekee stendi. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja. Kwenye masta ya chini kuna mpira wa vumbi uliokunjwakunjwa, unaifunika fimbo. Uvute mdomo wake taratibu kwa bisibisi isiyo na ncha kali. Unyevu kidogo wa kupakaza kidole unaweza kuvumiliwa kwa muda. Mafuta yakichuruzika yakakudondokea kwenye mkono, masta ya chini imekwisha. Wengi wanaitazama kwa nje, wanaona kavu, wanaipitisha, kumbe mpira wa vumbi umeyashika mafuta kama kibuyu.

Ukikuta mafuta yanadondoka chini ya nyumba ya klachi na hujui ni ya nini, chukua glasi ya maji safi. Kinga matone machache, yadondoshe kwenye maji, koroga kwa kijiti. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea kwenye maji. Oili ya injini na ya giaboksi zinaelea juu na kutengeneza duara zenye rangi za upinde wa mvua. Oili ya giaboksi pia ina harufu nzito ya kiberiti ambayo haikosewi. Kwa jaribio hilo nimewaokoa watu wasibadilishe masta wakati sili ya nyuma ya injini ndiyo iliyovuja.

Yapo magari, Ford Ranger za miaka ya karibuni na mengi ya Ulaya, ambayo masta ya chini haipo nje. Imezunguka shafti ya giaboksi mle ndani na rilizi beringi imeshikana nayo, hakuna foku. Kwa hayo glasi ya maji ndiyo rafiki yako, maana hutaona fimbo ya kupima. Mafuta yakiyeyuka kwenye maji na yametoka chini ya nyumba ya klachi, giaboksi ishuke, na ukishaishusha badilisha hiyo masta pamoja na klachi kama umri wake umesogea. Kazi ya kushusha ni moja.

Rula

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe. Gari limezimwa. Mtu wako yuko juu, wewe chini na tochi. Weka alama ya chaki au peni nyeupe kwenye fimbo ya masta ya chini, au pima kutoka kwenye mdomo wa masta mpaka kwenye foku. Mwambie akanyage mpaka mwisho, pedeli iguse sakafu, na kwanza hakikisha hakuna zulia nene au matandiko ya mpira yanayoizuia. Soma umbali ambao fimbo imetembea. Rudia mara tatu.

Kwa Hilux na Land Cruiser zinazoletwa kwangu, 12 mpaka 15 inaniridhisha. Kati ya 9 na 11 naanza kutafuta upepo na pini zilizolika. Kuanzia 8 kushuka, sihitaji kujua klachi pleti ikoje. Mfumo wa mafuta haufanyi kazi yake na hapo ndipo pa kuanzia. Gari lingine lina vipimo vyake, lakini ukipima lililo zima la aina hiyohiyo kwenye egesho la jirani utapata namba ya kulinganisha.

Kisha mwambie ashikilie pedeli chini dakika nzima, asiiachie hata kidogo, nawe ukodolee macho ile alama. Ikirudi polepole huku mguu wake haujainuka na hakuna mvujo popote, masta ya juu inapitisha ndani kwa ndani. Ile ya mkulima wa Ifakara ilifika 6 na kuanza kurudi kabla sijamaliza kuisoma. Alama ikisimama palepale lakini ni fupi, shuku upepo, au kupotea kwa mwendo kule kwenye pedeli.

Wakati mtu wako anakanyaga, ishike pia ile hosi ya mpira kwa vidole. Ikivimba kama mshipa, mwendo wako unaishia humo. Badilisha hosi.

Ili kutenganisha juu na chini, naibana hosi kwa kibanio chenye midomo laini ya mviringo, situmii plaizi kamwe kwa sababu zinakata nyuzi za ndani. Hosi ikiwa imebanwa, pedeli ikawa ngumu kama jiwe tangu juu, masta ya juu na bomba lake ni wazima na ubovu au upepo uko chini. Ikibaki laini, usishuke chini, tatizo liko juu. Hosi iliyokauka na kupasukapasuka usiibane. Agiza nyingine tu.

Na kupotea kwa mwendo kwenye pedeli ni jambo linalodharauliwa. Lala chali kwenye sakafu ya dereva, mulika tochi, tikisa pedeli kwa mkono. Pini inayoshika fimbo ikiwa imelika na tundu lake limekuwa yai, milimita 2 au 3 zimekwenda kabla masta haijaguswa. Bushi za pedeli nazo hulika. Kwenye magari ya kazi nimekuta mpaka ukuta wenyewe umepasuka pale masta ilipofungwa, unapumua kila ukikanyaga. Hapo unaita mchomeleaji. Kwenye Toyota, mchezo wa fimbo, yaani mwendo mtupu kabla haijagusa pistoni, ukipimwa juu ya pedeli unatakiwa uwe milimita 1 hadi 5. Usiumalize wote kwa kurefusha fimbo ukidhani unaongeza mwendo, kwa sababu nitakazoeleza sasa.

Klachi inayoteleza kumbe mafuta yamefungiwa

Klachi inayoteleza, yaani injini inapanda resi mlima wa Kitonga na gari haliendi, kwa kawaida ni klachi pleti iliyokwisha au iliyolowa oili. Lakini mara moja moja klachi ni nzima, ila mafuta yaliyoshuka chini hayapandi tena. Presha inabaki kwenye masta ya chini na rilizi beringi inaendelea kubonyeza vidole ingawa mguu umeshatoka.

Dereva mmoja wa lori dogo alipungukiwa na mafuta ya klachi barabara ya Mikumi, mtu akamjazia oili ya usukani. Alifika kwangu klachi inateleza na kunuka kuungua. Mipira ya mfumo huu imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Oili ya madini inaivimbisha. Nilipofungua masta ya juu, mpira uliotakiwa kuchomoka kwa kidole ulikuwa umenona kama kiroboto, umeziba kile kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kikombeni. Tulibadilisha masta zote mbili na hosi, bomba la chuma tukalisafisha kwa spiriti na kulipulizia upepo. Kubadilisha kimoja na kuacha kingine hakusaidii, oili iliyobaki itavimbisha na kipya.

Namna ya kulijua: gari likiwa limeteleza na pedeli imeachiwa, fungua nati ya upepo kwenye masta ya chini, ile ndogo yenye tundu iliyofunikwa kofia ya mpira. Mafuta yakiruka kwa nguvu na foku ikarudi, presha ilikuwa imefungiwa. Safari nyingine kabla ya kufungua hiyo, legeza kwanza nati ya bomba kwenye masta ya juu. Presha ikiishia pale, kosa ni la masta ya juu au fimbo iliyorefushwa mpaka pistoni hairudi mwisho na kitundu hakifunguki. Isipoishia pale, ikaishia chini tu, hosi imeziba kwa ndani na inaruhusu upande mmoja.

Rula ikisema kila kitu ni sawa

Fimbo ikitembea 14, ikatulia dakika nzima, pedeli ngumu, na riveresi bado inakwaruza, sasa una haki ya kushusha giaboksi. Utakuta foku iliyopinda au kupasuka, kitufe chake cha egemeo kimelika, kidole cha presha pleti kimevunjika, beringi ndogo ya kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) imekwama, au klachi pleti imegandana na flaiwili kwa kutu. Hii ya kutu huyapata magari yaliyoegeshwa muda mrefu au yaliyoingiwa na maji ya mafuriko. Kelele nazo zinasaidia: mlio unaoanza ukikanyaga ni rilizi beringi, mlio unaosikika pedeli ikiwa juu na gari nyutro, ukapotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi.

Kutengeneza na kutoa upepo

Masta ukiifungua, ioshe kwa mafuta ya breki au spiriti, petroli iache. Pitisha ukucha ndani ya tundu. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu, mipira mipya itakatwa mle baada ya wiki chache; nunua masta nzima. Tundu likiwa laini kama glasi, mipira inatosha. Dukani soma ile namba ya ubavuni, 5/8 kwa 5/8. Ya juu ikiwa nyembamba zaidi ya ile ya asili, mwendo unapungua na umejirudisha ulikotoka.

Jaza kikombe kwa DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa leo. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi. Funika bodi kwa kitambaa, weka ndoo ya maji karibu. Mafuta yakimwagika, mwaga maji mengi mara moja. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Visha nati ya upepo mrija unaoonyesha ndani, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Spana ni namba 10, nyingine 8. Mtu wako akanyage taratibu mpaka chini, aseme "chini", wewe fungua nusu duru, tazama mapovu, funga, useme "achia". Asiachie kabla hujafunga, maana itanyonya upepo upya. Kila baada ya mara nne au tano tazama kikombe. Kikiisha, anza tena tangu mwanzo. Pedeli isipigwe kwa fujo, inayavuruga mafuta na kuvunja mapovu yawe madogo yasiyotoka.

Mapovu yakiwa sugu, fungua bolti mbili za masta ya chini, spana 12, bila kufungua bomba. Ishike nati ya upepo ikitazama juu, bonyeza fimbo yake ndani polepole kwa kidole gumba, uiachie polepole. Upepo unapanda na kutokea kikombeni, na mtu wako ataona mapovu yakipasuka. Asiguse pedeli wakati huo, pistoni itaruka nje. Njia nyingine ni bomba la sindano kubwa na mrija: unasukuma mafuta kutoka nati ya chini kwenda juu, kwa sababu upepo unapenda kupanda kuliko kushuka. Siku hizi naanza na njia hii.

Ukikwama njiani na gari halina swichi inayozuia stata mpaka klachi ikanyagwe, unaweza kufika kwa fundi hivi: barabara ikiwa tupu, zima, ingiza gia ya kwanza, piga stata, gari litaondoka na gia yake. Nenda nayo hivyohivyo, taa za hatari zinawaka, na ukitaka kusimama, zima injini. Mjini kwenye foleni usijaribu, vuta gari.

Ukimaliza kazi, rudi chini na rula. Andika milimita ulizopata kwa peni nyeupe kwenye ukuta wa boneti, pamoja na tarehe. Ile Hilux ya Ifakara imeandikwa 14. Baada ya wiki moja inua tena mpira wa vumbi wa masta ya chini, pitisha kidole, na utazame kikombe kama kiko pale ulipokiacha.